Mekatilili wa Menza na Msitu wa Wazee Wake

Mara nyingi inapozungumzwa habari ya ardhi, huzungumzwa habari ya ekari, ya mipaka, ya hati, ya mazao na ya bei. Mambo hayo ni ya lazima, na hatuna nia ya kuyadharau. Walakini ardhi ina hesabu nyingine ambayo mpima ardhi hawezi kuiandika katika ramani yake: makaburi ya wazee, miti iliyokatazwa kukatwa, njia za kupita kwa adabu, na viapo vilivyoliwa chini ya kivuli fulani. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mwanamke mmoja wa pwani ya Kenya aliyeijua hesabu hiyo ya pili, akaitumia kuwasimamisha watu wake mbele ya Serikali ya Kiingereza, na kwa ajili hiyo akafungwa mara mbili. Jina lake ni Mekatilili wa Menza.

Alikuwa Mgiriama. Wagiriama ni kabila moja katika makabila tisa ya Mijikenda. Mengine ni Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Ndugu zetu wa Tanga hawahitaji kuelezwa zaidi, maana Wadigo wako pande zote mbili za mpaka, na mpaka huo ulichorwa na Mwingereza na Mjerumani bila ya kumwuliza Mdigo hata mmoja. Wazee wa Mijikenda husimulia kwamba asili yao ni Singwaya, upande wa kaskazini, na kwamba walihama huko kwa sababu ya vita, wakateremka mpaka nyuma ya pwani ya Kenya. Huko wakajenga miji yao ndani ya misitu, aghalabu juu ya vilima, kila kabila na mji wake. Miji hiyo ndiyo iliyoitwa kaya, nayo ilianza kujengwa katika karne ya 16.

Yafaa tukae kidogo katika habari ya kaya, kwani asiyeifahamu kaya hawezi kumfahamu Mekatilili. Mji wenyewe ulikuwa katikati, mahali palipofyekwa. Kuuzunguka mji uliachwa msitu mnene, na msitu huo ndio uliokuwa boma. Adui hakuweza kuingia ila kwa njia chache nyembamba zilizopita katika malango, na malango yalilindwa. Ndani ya kaya ilizikwa fingo, yaani dawa ya ulinzi ambayo wazee, kwa masimulizi yao, walitoka nayo Singwaya. Palikuwa na moro, mahali pa baraza, ambapo wazee wa kambi walikata mashauri, walitoza faini, waliomba mvua na kutoa sadaka. Wafu nao walizikwa humo humo. Basi mtu aliyeangusha mti katika msitu ule alikuwa amebomoa ukuta wa mji wote, tena alikuwa amewafunua wazee waliolala chini yake. Makosa mawili kwa shoka moja.

Ndiyo maana ziliwekwa sheria kali. Katika msitu wa kaya haikuruhusiwa kukata mti ovyo, wala kuchoma mkaa, wala kulisha mifugo. Njia za kupita zilijulikana, na mtu hakutakiwa kuziacha akapita anapotaka. Mwenye kuvunja mwiko alitozwa mnyama wa kuchinjwa ili msitu upate kusafishwa, na aliyeficha kosa lake aliachiwa laana, naye alijua kwamba laana hiyo itamtafuta yeye na watoto wake. Hapakuwa na bwana misitu, wala askari, wala kibao cha onyo. Hata hivyo miti ilisimama kwa karne tatu na zaidi.

Hatari ya vita ilipopungua katika karne ya 19, na watu walipoongezeka, Wagiriama walianza kutoka katika kaya na kutafuta mashamba mapya. Walikwenda kaskazini hata wakafika mto Sabaki, wakauvuka, wakalima mahindi katika ardhi yenye rutuba iliyo kandokando ya mto, wakawa watu wa kuwauzia nafaka watu wa pwani. Kaya yao kuu, iitwayo Kaya Fungo, katika nchi ya Kaloleni bara ya Mombasa, ilibaki na wazee wachache tu. Lakini haikuwa mahame. Mtu aliweza kulima mbali, mwendo wa siku kadhaa, na bado akajua kwamba kitovu cha nchi yake ni pale penye fingo.

Mekatilili alizaliwa katika nchi ya Ganze, katikati ya karne hiyo ya 19, akaitwa Mnyazi wa Menza. Alikuwa binti pekee kati ya watoto watano. Masimulizi ya watu wake yasema kwamba kaka yake mmoja, jina lake Mwarandu, alikamatwa na wafanya biashara wa watumwa, asionekane tena. Twalitaja jambo hili kwa sababu laeleza mengi yaliyofuata: mtoto wa kike aliyeona ndugu yake akichukuliwa kwa nguvu alikuja kuwa mama aliyekataa watoto wa wenzake wachukuliwe kwa amri. Aliolewa na Dyeka wa Duka, akamzaa mwana aitwaye Katilili, na kwa desturi ya Kigiriama akaitwa kwa jina la mwanawe, Mekatilili, yaani mama wa Katilili. Alipoingia katika historia, mumewe alikuwa amekwisha kufa. Alikuwa mjane wa makamo, na mjane wa umri huo alikuwa na uhuru wa kutembea na kusema ambao mke kijana hakuwa nao.

Tuje sasa katika shauri lenyewe. Wakoloni wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kuitawala pwani kwa miaka mingi kabla hawajaugusa moyo wa nchi ya Giriama. Mwaka 1908 walitunga sheria ya hati za ardhi katika pwani. Kila mwenye kudai ardhi katika ule ukanda wa maili kumi, uliohesabiwa kuwa ni milki ya Sultani wa Zanzibar, alitakiwa aende mbele ya afisa akathibitishe madai yake. Wamijikenda wengi hawakuandikishwa. Wangeandikishaje? Kwao shamba lilikuwa la ukoo, na ushahidi wake ulikuwa mnazi uliopandwa na babu na kaburi la bibi. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali, na watu wakaitwa maskwota katika nchi walimozaliwa. Shauri hilo la maskwota wa pwani halijakwisha hata leo, ijapokuwa imepita zaidi ya miaka mia moja.

Kisha Waingereza wakahitaji wafanyakazi. Walowezi walikuwa wamefungua mashamba makubwa ya mpira, pamba na mkonge katika pwani, na mashamba hayo hayakupata watu. Mgiriama alikuwa na mahindi yake, mbuzi wake na tembo la mnazi wake. Kwa nini aende akamlimie mtu mwingine kwa ujira mdogo? Wasomaji wetu ambao baba zao walikuwa manamba katika mashamba ya mkonge wanalijua jibu ambalo wakoloni walilitoa kila mahali. Ilitozwa kodi ya nyumba. Waliteuliwa wakubwa wa vijiji, wakalipwa mshahara, wakaamriwa watoe vijana. Mwaka 1912 aliletwa Bwana Shauri msaidizi, jina lake Arthur Champion, akae miongoni mwa Wagiriama na kuyatekeleza hayo. Tena ikawaziwa kwamba Wagiriama wote walioko kaskazini ya Sabaki wahamishwe warudi kusini. Sababu twaiona wazi: mtu aliye na ardhi nzuri hatafuti kazi ya kuajiriwa, na kwa hiyo ili apatikane mfanyakazi ilibidi kwanza akosekane mkulima.

Ndipo aliposimama Mekatilili. Katika mwaka 1913 alikwenda kijiji kwa kijiji akicheza ngoma ya kifudu, ambayo asili yake ni ngoma ya mazishi. Twaona kwamba hakuichagua ngoma hiyo kwa kubahatisha. Kifudu ilipolia watu walitoka nyumbani, maana ilikuwa sauti ya msiba. Na walipokwisha kukusanyika aliwaeleza msiba wenyewe ni upi. Aliwakumbusha habari za Mepoho, mwanamke mwaguzi wa zamani, ambaye inasimuliwa kwamba alitabiri kuja kwa wageni na kuharibika kwa nchi. Aliwalaumu wakubwa waliopokea mshahara wa Serikali, na wazee walionyamaza. Mpaka leo husimuliwa jinsi alivyokwenda barazani na kuku mwenye vifaranga, akamtaka Bwana Champion ajaribu kuchukua kifaranga kimoja, naye alipotia mkono kuku akamdonoa. Baraza zima likaelewa. Hapakuhitajiwa mkalimani.

Halafu akawaita watu warudi Kaya Fungo. Hapa ndipo penye kiini cha maisha yake, nasi twaomba msomaji asipapite haraka. Angeweza kuwakusanya watu popote, chini ya mwembe au sokoni. Aliwarudisha katika msitu wa wazee wao, wakaingia kwa njia zilezile na malango yaleyale, kwa maelfu, wanaume kwa wanawake. Huko waliliwa viapo viwili: wanawake walikula kiapo cha mukushekushe, na wanaume wakala kiapo cha fisi ambacho Mgiriama alikiogopa kuliko risasi. Mwenye kuapa alijifunga kutomtumikia Mwingereza, wala kumpelekea vijana, wala kushirikiana na wakubwa wake. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa mzee Wanje wa Mwadorikola. Baada ya viapo hivyo ofisi ya Bwana Champion ilikuwa kama nyumba iliyohamwa. Aliita, hawakuja. Aliamuru, hawakusikia.

Wako watu watakaosema kwamba hayo yalikuwa mambo ya ushirikina tu, na kwamba mtu wa leo hana haja nayo. Sisi hatukubali. Kiapo ni mkataba, na mkataba huhitaji mahali pa kuuwekea sahihi. Mzungu huweka sahihi yake mezani, mbele ya wakili na bendera. Mgiriama aliiweka katika msitu, mbele ya wazee walio hai na wazee waliokufa. Nguvu ya mkataba ule ilitoka katika ardhi yenyewe. Miti ile ilikuwa shahidi, na shahidi huyo hakuweza kuhongwa wala kupewa mshahara wa ukubwa wa kijiji.

Waingereza walilitambua jambo hili kuliko tunavyodhani. Mkuu wa Jimbo la Pwani wakati ule alikuwa Charles Hobley, mtu aliyechunguza sana desturi za Waafrika, na mwaka 1922 alitoa kitabu juu ya imani za Wakikuyu na Wakamba. Champion naye aliandika habari za mila za Wagiriama, na maandishi yake yalichapishwa kuwa kitabu mwaka 1967. Kwa hiyo mabwana hawa hawakuwa wajinga wasiojua wanachokigusa. Mwezi wa Oktoba 1913 Mekatilili na Wanje walikamatwa, wakahukumiwa miaka mitano ya uhamishoni, wakapelekwa Kisii, upande wa magharibi kabisa wa Kenya, kwa watu wasiosema lugha yao. Nayo Kaya Fungo ikaamriwa ifungwe.

Katika Januari 1914 Mekatilili na Wanje walitoroka Kisii. Walirudi kwao kwa miguu, wakaikata nchi nzima kutoka upande wa ziwa Nyanza mpaka pwani, mwendo wa mamia ya kilomita. Mwanamke mzee, bila ramani, bila fedha, katika nchi iliyojaa wanyama na askari waliokuwa wakimtafuta. Serikali ilipopata habari, alikuwa amekwisha kufika Giriama, na kazi imeanza tena.

Mwanzoni mwa Agosti 1914, siku zilezile vita kuu ya Ulaya ilipokuwa inaanza, Waingereza walipeleka baruti Kaya Fungo. Walilipua lango, wakaangusha miti, wakachoma nyumba zilizokuwamo. Twaomba wasomaji walifikirie jambo hili. Himaya kubwa kuliko zote duniani, iliyokuwa inaingia vitani na Mjerumani, iliona kwamba adui wake mmojawapo ni msitu. Ikaupiga kwa baruti kana kwamba ni ngome. Kwa kweli ilikuwa ni ngome, ila si ya mawe, na hilo ndilo lililomsumbua Mwingereza.

Matokeo yake yalikuwa mabaya. Wagiriama walipigana kwa mishale, na askari wa Keya wakajibu kwa bunduki. Wagiriama wapatao 150 waliuawa, nyumba kwa maelfu zilichomwa, na mbuzi kwa maelfu walichukuliwa. Mekatilili na Wanje walikamatwa tena mwezi ule ule wa Agosti, wakarudishwa kifungoni. Kabila lilitozwa faini ya rupia 100,000, likaamriwa kutoa wanaume wa kazi, na watu wa kaskazini ya Sabaki wakatolewa katika mashamba yao. Ardhi waliyonyang'anywa haikupata mlowezi wa kuilima; ilikaa bure, ikaota majani, huku wenyewe wakibanana kusini katika ardhi kavu, na njaa ikaja. Serikali ikaunda tume, ikachunguza, na kabla mwongo ule haujaisha Wagiriama wakaruhusiwa kuvuka tena mto. Shauri lililogharimu roho za watu wote wale likafutwa kwa karatasi.

Mekatilili aliachiliwa mwaka 1919, akarudi. Kaya iliruhusiwa kufunguliwa tena, na jambo la ajabu ni kwamba wale wafungwa wawili ndio waliowekwa mbele: Wanje katika baraza la wanaume, Mekatilili katika baraza la wanawake. Aliishi miaka michache tu baada ya hapo, akafa katikati ya miaka ya 1920.

Hiyo ndiyo habari ya maisha yake. Lakini msitu uliendelea kuishi, na yapasa tuseme lililoupata, kwa sababu wengi humsifu Mekatilili kwa ushujaa wake wa kumpinga mkoloni, wakasahau alichokuwa anakilinda. Mwaka 2010 sanamu yake ilisimamishwa katika bustani ya Uhuru Gardens, Malindi. Ni heshima anayostahili. Twaona hata hivyo kwamba ni rahisi zaidi kumjengea mtu sanamu mjini kuliko kuuacha mti wake usimame kijijini.

Kufika miaka ya 1940 watu walikuwa wamekwisha kutoka katika kaya zote kwenda kukaa nje. Mashamba, barabara, na baadaye hoteli za watalii vilikula misitu ya pwani pande zote, mpaka zikabaki kaya peke yake kama visiwa vya miti katikati ya minazi na mahindi. Nyingine ni ndogo, hekta 10 tu. Nyingine zafikia mamia ya hekta. Wataalamu wa mimea walipokuja kuzichunguza miaka ya 1980, walikuta humo miti na mimea ambayo ni adimu sana au haionekani mahali pengine. Basi ikadhihirika kwamba lile lililodharauliwa kuwa ni woga wa wazee lilikuwa limehifadhi mbegu za nchi kuliko sheria nyingi zilizoandikwa. Tangu mwaka 1992 Serikali ya Kenya ilianza kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa, chini ya Makumbusho ya Taifa. Mwaka 2008 UNESCO iliziandika katika Urithi wa Dunia, misitu 10 iliyotawanyika katika pwani kwa urefu wa kilomita 200 hivi, na mwaka uliofuata ikaziandika pia mila za kaya katika orodha ya mila zinazohitaji kuokolewa kwa haraka.

Neno hilo la mwisho lina uzito kuliko hilo la kwanza. Msitu waweza kuzungushiwa uzio, lakini mila haizungushiwi uzio. Mtu aliyekuwa hakati mti kwa kuwaheshimu babu zake, akikoma kuwaheshimu, ataukata usiku wakati mlinzi amelala. Na heshima hiyo imepungua sana. Vigango, yaani nguzo za mti zilizochongwa kwa ajili ya kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu, viling'olewa vikauzwa kwa wafanya biashara ya sanaa, vikaishia katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Baadhi vimerudishwa miaka ya karibuni baada ya kudaiwa sana. Aliyeving'oa hapo mwanzo hakuwa Mmarekani; alikuwa kijana wa hapo hapo, mwenye njaa, aliyelipwa fedha kidogo kwa ajili ya babu yake.

Liko lililo baya zaidi. Katika wilaya za Kilifi wazee wenye mvi wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi, tuhuma zikichunguzwa, chini yake huonekana shauri la ardhi: mtoto au mpwa ataka shamba liuzwe, mzee akataa. Hatuwezi kulizungumza jambo hili kwa maneno laini. Zamani mzee alikuwa ndiye hati ya shamba. Siku shamba lilipogeuka kuwa kitu cha kuuzwa, mzee akageuka kuwa kizuizi. Hatusemi kwamba kaya ya zamani ilikuwa pepo. Wazee wengine walikuwa walafi, na Mekatilili mwenyewe aliwasema hadharani. Wala Wagiriama hawakuacha kufyeka misitu iliyo nje ya kaya walipotaka kulima. Walikuwa wakulima, si watawa. Walichokijua ni kwamba yapo mahali shoka lazima likome, na waliyakubali mahali hayo wote kwa pamoja, tajiri na maskini.

Na shoka la leo lina pesa. Huko Kwale, katika nchi ya Wadigo, kuna kilima kiitwacho Mrima chenye msitu mtakatifu, na chini yake kuna madini ya thamani yanayotafutwa na viwanda vya dunia. Kampuni moja ya kigeni ilipewa leseni ya kuchimba, na mwaka 2013 leseni ikafutwa. Kampuni ikaishtaki Kenya mbele ya baraza la usuluhishi la kimataifa ikidai fidia kubwa, na mwaka 2018 ikashindwa, kwa sababu haikuwa imetimiza masharti ya sheria, likiwamo lile la kuchunguza kwanza madhara yatakayoyapata mazingira. Wanasheria walisema kwa lugha yao. Wazee wa kaya wangesema kwamba mgeni aliingia bila kupitia langoni.

Mekatilili hakuzikwa Kaya Fungo. Kaburi lake liko Bungale, Magarini, kaskazini ya Sabaki, upande uleule ambao watu wake waliamriwa wauhame, na kila mwaka katika mwezi wa Agosti watu hukusanyika kwa ajili yake wakicheza ngoma. Nchi hiyo ina msitu mkubwa wa asili uitwao Dakatcha. Kuanzia mwaka 2009 kampuni ya Kizungu ilitaka ipewe huko hekta 50,000 ipande mibono kwa ajili ya mafuta ya magari ya Ulaya, ile mibono ambayo sisi pwani huiita mbono kaburi. Wananchi wa Magarini waliposikia kwamba mashamba yao na makaburi yao yamo ndani ya ramani hiyo, waligawanyika: wengine walitaka kazi walizoahidiwa, wengine walikataa katakata, na mabishano yakawa makali hata ndani ya nyumba moja. Mwisho mradi ulikataliwa. Katika Dakatcha ukataji wa mkaa bado unaendelea, na wanaoukata ni maskini wa vijiji vya hapo hapo, ambao wengi wao mpaka leo hawana hati ya ardhi wanayoikalia.